Jangwa la Mama kwa Nyeusi na Nyeupe

Mama aliishika picha kwa ncha za vidole, jinsi alivyokuwa akishika bandeji chafu enzi zake za uuguzi. Akaisogeza karibu na pua. Akaitoa mbali. Akaielekeza dirishani, akaipindua, akairudisha. Mwishowe akaniuliza, "Hapa ni wapi?"

Hasira zilinipanda hadi masikioni. Nilikuwa nimeshuka kutoka Eldoret hadi ng'ambo ya Lodwar, nikalala nyumba ya wageni yenye kunguni, nikakaa juani hadi ngozi ya pua ikaambuka, nikarudi kujifungia bafuni Jumamosi nzima na dawa za picha zinazonuka siki, halafu mtu ananiuliza hapa ni wapi!

"Mama, si ni kwako? Si ni pale ulisema unataka kuona?"

"Hapa mimi sipajui," akasema, na kuilaza picha mezani, uso chini.

Nieleze vizuri, usije ukanidhania binti anayegombana na mgonjwa bila sababu. Kusema kweli nilikuwa nagombana na mgonjwa, na sababu yenyewe haikuwa kubwa vile.

Mama ni mtu wa kando ya ziwa, huko magharibi, alikuja Eldoret na cheti chake cha uuguzi na mimi mgongoni. Nilipoingia darasa la kwanza alipewa uhamisho: kituo kidogo cha afya huko jangwani, mwendo wa saa kadhaa kupita Lodwar, vyumba vitatu na tangi la maji. Shule kule hakukuwa, ama alisema hakukuwa. Aliniacha kwa mdogo wake mtaani Kapsoya, hapa Eldoret, akaenda. Alikaa huko miaka tisa. Alikuwa anakuja Krismasi, na mara moja katikati ya mwaka akipata ruhusa. Nilipovunjika mkono nikicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, aliyenibeba hospitalini ni mama mdogo. Nilipoanza hedhi, aliyenieleza ni mama mdogo. Mama alinitumia barua yenye maagizo manne, moja likiwa nisile chumvi nyingi. Basi kama unaniuliza jangwa ni nini, mimi sitakuambia habari ya ngamia na upepo. Jangwa ni kile kitu kilichonichukulia mama.

Sasa amestaafu, anakaa na mimi hapa hapa Kapsoya, na macho yanamwacha. Ni presha ya macho. Daktari alituketisha sote wawili akatueleza kwamba kuona kwake kunafunga kutoka pembeni kuja katikati, kwamba kilichoenda kimeenda, na kwamba dawa ya matone itachelewesha tu kilichobaki. Jicho la kushoto lilikuwa limeshafunga karibu lote. La kulia, akasema, tuombe Mungu. Mama alimsikiliza kama muuguzi anayepokea zamu, akauliza maswali mawili ya kitaalamu, akashukuru. Tulipofika nyumbani akavua viatu, akaniambia, "Nataka kuona pale tena kabla hii kitu ifunge. Pale nilikuwa nakaa jioni."

Nikamwambia nitampeleka. Akakataa. Magoti yake hayawezi safari ile, na joto lingempandisha presha ya mwili juu ya ile ya macho. "Na si wewe ni mtu wa picha? Niletee."

Ni kweli mimi ni mtu wa picha. Mjini nina chumba kidogo ninapopiga picha za pasipoti na vitambulisho vya shule, na wikendi ninafuata harusi na mahafali. Hiyo ni kazi ya mkate, ya kamera ya kisasa, bonyeza, chapisha, kwaheri. Lakini nina kamera yangu nyingine ya zamani, ya filamu, nami napenda picha za nyeusi na nyeupe kwa mapenzi ambayo mama mdogo alikuwa anayaita ugonjwa. Filamu ya rangi siku hizi hakuna mtu wa kukusafishia hapa mjini. Ya nyeusi na nyeupe najisafishia mwenyewe bafuni. Na nikafikiria pia kwamba mama, ambaye mchanga na anga vilikuwa vimeanza kumchanganyikia, angeona vizuri zaidi nyeusi ikiwa nyeusi na nyeupe ikiwa nyeupe. Kwa hiyo usiseme sikufikiria. Nilifikiria sana, na hapo ndipo nilipoharibu.

Nilitaka kitu kimoja tu kutoka kwa ile kazi. Nilitaka aangalie picha na kusema, "Ndiyo, ni hapa," jicho likiwa bado lipo. Baada ya hapo angeweza kusema lolote.

Safari ya kwanza nilifika kituoni saa tisa alasiri. Kile kituo bado kipo, kimepakwa rangi mpya ya buluu na kuongezewa choo. Muuguzi wa sasa, kijana mpole mwenye usingizi machoni, alinikaribisha nikae kwenye benchi la mlangoni. Nilikaa kama dakika moja. Mbele yangu kulikuwa na nguzo za umeme, vibanda viwili vya mabati, mbuzi, karatasi za plastiki zimenasa kwenye miiba, na barabara. Nikasema la, hapa hakuna picha. Nikauzunguka ukuta hadi nyuma ya jengo, upande wa kaskazini, na hapo nikapaona!

Kulikuwa na mchanga wa vilima vilima mpaka mwisho wa macho, mikoche mitatu imesimama kando ya mto mkavu, na jua limeanza kulala upande, kila tuta lina mgongo mweupe na tumbo jeusi. Mama alikuwa amesema jioni. Nami nikasema, jioni ndiyo hii, mama alikuwa anakaa akiangalia hii, ndiyo maana hakurudi nyumbani. Nakiri niliona wivu. Nilionea wivu mchanga.

Nilifanya kazi pale kama mwendawazimu. Nilihama mara ishirini nikitafuta mahali ambapo mikoche haigusani. Niliweka mstari wa anga chini, kisha juu, kisha chini tena. Nilitembea kwa kuzunguka mbali ili nyayo zangu zisionekane, na palipokuwa na nyayo za mbuzi nilifagia kwa tawi. Ndiyo, nilifagia jangwa. Mwanamke mmoja aliyekuwa anapita na kuni alisimama akaniangalia mpaka nikaona haya. Nilifunga kioo chekundu mbele ya lenzi ili anga itoke nyeusi. Kipimo cha mwanga kilikuwa kinanidanganya, kwa sababu mchanga mweupe unakifanya kidhani mwanga umezidi, na ukikifuata unapata mchanga wa rangi ya saruji. Kwa hiyo nikafungua lenzi hatua mbili zaidi ya kilivyoniambia. Nilimaliza filamu mbili. Nilirudi nyumba ya wageni nikijipongeza kwa sauti, peke yangu.

Bafuni kwangu ndipo nilipoona cha mtema kuni. Maji ya Eldoret ni baridi, hakuna asiyejua, na dawa ya filamu inataka vuguvugu. Nilikuwa natoa maji kwenye ndoo, natia maji moto kutoka kwa chupa ya chai, napima, yamezidi, natia baridi, yamepungua. Dirisha nimeliziba kwa nailoni nyeusi na gundi ya karatasi. Mama anagonga mlango.

"Unatoka saa ngapi humo?"

"Mama, nikifungua mwanga unaingia!"

"Na mimi nikitaka choo nifanye nini? Niende kwa jirani?"

Lakini filamu zilitoka safi. Nilizitundika kwa vibanio vya nguo juu ya beseni, na zilipokauka nikazikata vipande vipande, nikavilaza juu ya karatasi moja ya picha, nikawasha taa kidogo. Hiyo ndiyo karatasi ya sampuli: picha zote za filamu moja pamoja, kila moja kubwa kidogo tu kuliko stempu, ili mtu achague ya kukuza. Nikachagua ile ya mikoche mitatu. Nikaikuza kwa ukubwa wa daftari la shule. Nikaukinga mchanga mwanga kwa kiganja ili usikolee, nikaiongezea anga mwanga ili ikolee. Nilirudia karatasi saba mpaka nikapata ile ambayo kila punje ya mchanga inahesabika.

Na hiyo ndiyo aliyoniuliza ni wapi.

Nikasema sawa, ni ndogo, mtu wa macho mabaya anataka kitu kikubwa. Jumamosi iliyofuata nikaikuza mara mbili ya ile. Mama akaishika kwa mikono miwili, akazungusha kichwa kama anayetafuta kitu kilichoanguka chini ya kiti.

"Hii ni nini, ukuta?"

"Ni anga, Mama."

"Na hii?"

"Ni anga pia."

"Mbona umepiga anga peke yake? Huko hakukuwa na ardhi?"

Nilitoka nje nikasimama kwenye kamba ya nguo nikihesabu vibanio. Jirani yetu, mama mmoja mwenyeji wa Sugoi ambaye hutuletea maziwa, aliniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia bado.

Jumamosi ya tatu nilijikaza kisabuni. Nikanunua karatasi kubwa kuliko zote nilizowahi kutumia, ya ukubwa wa gazeti lililofunguliwa. Beseni la kuoshea nguo ndilo lililotosha kuisafishia. Na kwa sababu nilidhani tatizo ni rangi za katikati, zile za kijivu ninazozipenda mimi, nilizitoa zote. Niliipika picha ile mpaka ikabaki nyeusi tii na nyeupe pee, kama tangazo la mkutano wa injili. Iliniuma kuifanya hivyo. Nilikuwa naharibu kitu kizuri kwa mikono yangu mwenyewe, kwa ajili ya mtu ambaye hata asante hajasema.

Nikaibandika sebuleni kwenye ukuta mkabala na dirisha. Nikamwita. Mama akasimama mbele yake kwa muda mrefu, fimbo mkononi.

"Sasa hata ile kidogo nilikuwa naona imepotea," akasema.

Hapo nililipuka. Nilimwambia nimechoka. Nilimwambia ananifanyia madharau, kwamba hata ningemletea jangwa lenyewe kwenye lori angesema si hilo. Nilimwambia alikaa huko miaka tisa kwa raha zake na sasa anataka nimtengenezee raha hiyo tena kwa pesa zangu na mgongo wangu. Maneno mengine sitayaandika. Mama aligeuka. Alirudi polepole, mkono ukipapasa ukingo wa meza, akakaa kwenye kiti chake, akatia matone yake ya saa saba.

Mkono huo uliokuwa ukipapasa ndio uliogusa karatasi ya sampuli. Nilikuwa nimeiacha mezani pamoja na takataka zangu nyingine. Aliiinua, akaivutia kwenye mwanga wa dirisha, akavaa miwani ya kusomea. Nilikuwa nang'oa gundi ukutani kwa hasira, sikuwa namwangalia. Nikasikia ameguna.

"Hii miti ni mikoche."

Niligeuka.

"Mitatu," akasema. "Na huo ni mto. Yawa, jamani, huo mto ulikuwa unaleta maji siku moja kwa mwaka, unabeba mbuzi na watoto. Na hapa ni ule mchanga wa nyuma." Kidole chake kilikuwa kinaenda kutoka picha hadi picha, stempu hadi stempu, bila kukosea. "Hii umeirudia. Na hii. Hii umepinda."

Nilikaa chini sakafuni. Daktari alikuwa ametuambia kwa Kiswahili sanifu kabisa: kunafunga kutoka pembeni. Mama anachungulia dunia kupitia tundu. Ukimwekea kitu kikubwa, anaona kipande cha anga, anahama, anaona kipande cha mchanga, anahama, hawezi kuviunganisha. Ukimpa kitu kidogo, chote kinaingia tunduni. Nami, mjuaji mkubwa, mtu wa picha, nimekaa wiki tatu nikimkuzia! Kila nilivyokuza ndivyo nilivyomfungia mlango. Ningekuwa peke yangu ningejizaba kofi.

"Kwa hivyo unaona," nikasema.

"Naona vizuri sana."

Nikangoja lile neno. Nilikuwa nimelipigania, nilikuwa na haki nalo. Mama akaizungusha karatasi, akapitia picha zote thelathini na sita, mstari kwa mstari, kama anayesoma majina ya wagonjwa. Alipofika mwisho akavua miwani.

"Barabara iko wapi?"

"Barabara gani?"

"Ya mbele. Hii yote umepiga ni nyuma. Nyuma tulikuwa tunatupa maji machafu. Mimi nilikuwa nakaa mlangoni, kwa benchi."

"Mama, mbele hakuna kitu! Kuna nguzo na plastiki. Nilikaa pale, nimeona. Nani anaweza kukaa jioni akiangalia vile?"

Mama aliniangalia, ama alielekeza uso pale nilipokuwa.

"Ndiyo barabara ya kuja huku," akasema. "Eldoret. Wewe si ulikuwa huku?"

Alisema kama mtu anayemwambia mwingine chumvi iko wapi. Nikabaki na vipande vya gundi mkononi. Alieleza kidogo tu, kwa sababu si mtu wa kueleza. Alisema akimaliza kazi alikuwa anakaa pale mpaka giza, uso umeelekea kusini, na wenyeji walikuwa wanamcheka, wanamwuliza anangoja gari gani. Alisema huo mchanga wa nyuma hakuwahi kuuangalia kwa kuupenda hata siku moja. Kisha akauliza kama kuna chai.

Utasema hapo nililainika. Sikulainika. Nilipeleka chai nikiwa nimekasirika zaidi ya mwanzo, ila sasa sikujua nimkasirikie nani. Miaka yote nilikuwa na picha yangu kichwani, ya mama ameketi jangwani amenipa mgongo. Nilikuwa nimeitunza vizuri sana. Kumbe yeye alikuwa ameketi upande wa pili wa nyumba.

Nilitaka kuondoka kesho yake. Lakini kazi ni kazi. Kulikuwa na harusi Sugoi, kulikuwa na shule moja ya Cheptiret iliyotaka vitambulisho vya wanafunzi wote, kisha mvua ikavunja daraja huko chini na magari yakakaa wiki mbili. Kila asubuhi nilikuwa namwinulia mama vidole mbele ya jicho la kulia, napima. Mwanzoni alikuwa anaona vinne nikivitanua. Baadaye nilipovitanua aliona viwili, akaniambia niache upuzi.

Safari ya pili nilifika mchana, na muuguzi yule yule akaniuliza kama nimesahau kitu. Nikakaa kwenye benchi. Safari hii nilikaa kweli. Nguzo zilikuwa pale, mbuzi pale, vibanda vimekuwa vitatu, na kimoja kina spika inayopiga muziki. Nilingoja hadi saa kumi na moja, saa ya mama. Barabara ilitoka mlangoni moja kwa moja, ikapita katikati ya vile vibanda, ikaenda ikiwa nyembamba zaidi na zaidi mpaka ikaisha, na mbali kabisa, mahali ambapo jicho linaanza kubahatisha, kulikuwa na kivuli cha milima ya kusini.

Ningefunga lenzi fupi na kupiga vile palivyo, na nguzo zake na plastiki yake, mambo yangekuwa mengine. Lakini mimi ni mimi. Sikuweza. Mikono ilikataa kabisa kuweka takataka ile kwenye filamu. Nikatoa lenzi ndefu, ile ninayotumia harusini nikiwa nyuma ya kanisa na bibi harusi yuko madhabahuni. Nikaipitisha juu ya vibanda, kati ya nguzo mbili, na kila kitu kilichokuwa kinaniudhi kikatoka nje ya picha. Ikabaki barabara nyeupe na milima myeusi juu yake. Ilikuwa safi sana, mpaka nikacheka.

Nyumbani niliisafisha filamu, nikaichapisha kwa ukubwa wa picha ya pasipoti, na kuikata kwa kile kisu changu cha kazi, kingo zimenyooka. Sikuondoa kijivu chote, nilibakisha kidogo kwenye milima. Ilikuwa saa nne asubuhi, Jumapili, wengine wako kanisani. Nilifungua pazia lote. Nikamvalisha mama miwani, nikamwekea picha kiganjani.

Ilimchukua muda. Jicho lilikuwa limerudi nyuma sana tangu siku ya karatasi ile. Aliisogeza, akaitoa, akaisogeza. Nikaona mkono umetulia.

"Ndiyo," akasema. "Ni hapa."

Basi. Neno langu hilo nilikuwa nimelipata. Nilitaka kuruka. Nilitaka kumpigia simu mama mdogo, nilitaka kwenda nje nimwambie yule jirani wa maziwa. Nilipomwangalia mama tena, bado alikuwa ameishikilia picha, ameisogeza hadi karibu na pua.

"Hii ni milima ya kusini?"

"Ndiyo, Mama."

"Ni karibu hivi?"

Sikuelewa.

"Mimi nilikuwa nafikiri ni mbali," akasema. "Miaka yote nilikuwa najiambia ni mbali, siwezi kufika, nikiomba ruhusa siku mbili haitoshi. Kumbe ni hapa tu. Ona. Barabara ni fupi hivi." Akapima kwa ukucha wa kidole gumba. "Hata kwa mguu ningekuja. Nyathina, mwanangu, mbona sikukuja?"

Nikajua mara moja nilichofanya. Lenzi ndefu inavuta vitu. Inachukua kilicho mbali na kukibandika mgongoni mwa kilicho karibu, ndiyo kazi yake, ndiyo maana bibi harusi anaonekana ameegemea msalaba. Nilikuwa nimeikunja barabara ya mama kwa sababu ya vibanda vitatu na plastiki.

"Mama, hapana. Sikiza. Ni kamera. Ni lenzi, inafupisha. Si karibu, ni mbali sana, mimi nimetoka huko juzi. Milima hata haionekani vizuri kwa macho. Ni mbali, Mama."

"Si wewe umeenda mara mbili?"

"Siku hizi kuna lami mpya kuanzia Lodwar! Wakati wako ilikuwa mashimo matupu, na majambazi, na gari lilikuwa linapatikana mara moja kwa wiki. Usingeweza. Hakuna mtu angeweza." Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya kiti chake na nilikuwa karibu kupiga kelele. Mimi, niliyemkatalia udhuru huo huo kwa maisha yangu yote, nilikuwa namwomba aukubali.

Mama aliendelea kuiangalia picha. Hakuwa ananisikiza, ama alinisikia na akaona hayamhusu.

"Lami ama hakuna lami," akasema, "mtoto wangu alikuwa huku."

Nilikuwa nimengoja maneno hayo tangu darasa la kwanza. Yalipokuja, nilitaka ayarudishe.